Nani Atatuhesabu Tukishuka?

Katoro ni mji wa watu wanaosafiri kila siku. Wachimbaji wanakwenda Nyarugusu na Rwamgasa, wanarudi na vumbi kwenye kope. Wenye maduka wanakwenda Mwanza kufuata vipuri vya karasha la kusagia mawe ya dhahabu, Kampala kufuata vitenge, na mpunga ukivunwa wanaingia vijijini na mizani. Lakini muulize mtu wa Katoro ni lini mara ya mwisho alipanda gari bila kufuata mzigo, mgonjwa wala msiba. Atakutazama kwanza. Safari ya kwenda kuona tu na kurudi haijapata jina la heshima huku kwetu. Vijana wanaiita kula bata, wazee wanaiita kuchezea pesa.

Na si kwamba vya kuona viko mbali. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kimo humu humu ziwani, na boti unaweza kuipandia Nkome, ndani ya mkoa huu wa Geita. Burigi-Chato ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Serengeti nayo ina lango upande wetu, Ndabaka, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Basi linapita langoni, abiria wamelala.

Mjadala ufuatao nimeupanga mwenyewe. Sauti nimezikusanya kwenye mabenchi mengi ya mikoa hii miwili, Geita na Shinyanga, nikaziweka kwenye benchi moja nje ya duka la vitenge, jioni ya siku ya soko. Majina sitaji, kila mmoja namwita kwa shughuli yake. Hoja ni ya Mama Kijumbe, mwenye duka hilo, anayeshika pesa za upatu na daftari la kikoba: akodi Coaster, aijaze watu 28 wa Katoro, awapeleke Serengeti mwezi Juni, alale nao, ale nao, arudi nao. Aliyeanza kumpinga ni Mwalimu, mstaafu, mzaliwa wa Maganzo kule Shinyanga.

MWALIMU: Mama, safari siipingi. Ninachopinga ni kubebwa. Mtu mzima anakwenda Kampala peke yake, anabadilisha pesa Mutukula, anabishana bei kwa Kiganda asichokijua. Leo umwambie Serengeti hafiki mpaka wewe umshike mkono?

MAMA KIJUMBE: Kampala anakwenda kwa sababu mara ya kwanza alipelekwa, mwalimu. Hata mimi nilipelekwa. Dada mmoja wa Ushirombo alinichukua, akanionyesha pa kulala, akanionyesha duka la jumla, akanionyesha na wezi wanasimama wapi. Safari ya pili nikaenda mwenyewe. Hapa Katoro hakuna aliyeanza Kampala kwa kusoma ramani.

KIJANA WA KARASHA: Basi tupeleke mara moja, mama, halafu utuache.

MAMA KIJUMBE: Ndiyo maana yake, mwanangu. Ila wewe hata hiyo mara moja hujailipia.

KIJANA WA KARASHA: Mimi nikitaka Serengeti, nashuka Mwanza na washikaji watatu, tunakodi Land Cruiser, tunaingia na muziki wetu. Coaster ya nini? Mapambio njia nzima, na kila mji mtu anataka kushuka anunue mihogo.

DEREVA: Land Cruiser unaisema duara la dhahabu likitema. Duara likikauka, utaikodi na nini? Na nikuambie kitu nilichokijifunza kwenye usukani: kiingilio cha hifadhi hakijawahi kumshinda Mtanzania. Serengeti mtu mzima mwananchi ni shilingi 10,000, ukiweka na VAT ni 11,800. Mzungu analipa makumi ya dola kwa lango hilo hilo. Kinachotushinda ni gari. Gari la watu wanne mafuta yake wanalipa wanne. La watu 28 wanalipa 28.

Hapo Kijana alinyamaza kidogo, maana hesabu za kugawana gharama anazijua. Karasha lenyewe wamelinunua watano.

Mama Kijumbe alieleza alikotoa wazo. Hakulitoa kwenye tangazo la utalii wala kwenye filamu ile ya The Royal Tour ya 2022, ambamo Rais Samia aliongoza wageni kwa kamera. Alilitoa kanisani. Kila mwaka Wakatoliki wa kanda hii wanapanda mabasi kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Parokia inaandika majina miezi kabla, watu wanalipa kidogo kidogo, na ndani ya basi anakuwemo mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu: kuwa mwenyeji wa wasafiri mahali ambapo wote ni wageni.

MAMA KIJUMBE: Sisi tulikuwa na katekista. Kila tukishuka, anatuhesabu. Tukipanda, anatuhesabu. Mtu akienda kujisaidia Bukoba, basi haliondoki. Kule Namugongo watu ni kama mchanga, na mimi sikuogopa hata dakika moja, kwa sababu nilijua kuna mtu ananihesabu. Ndipo nikajiuliza, kumbe watu hawakai nyumbani kwa kukosa pesa tu. Wanakaa kwa kuwa hakuna wa kuwahesabu wakishuka.

Maneno hayo yalimgusa kila mtu isipokuwa mmoja. Mwongozaji ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye leseni, anayepeleka watalii kutoka Mwanza; Katoro amekuja kumsalimia dada yake. Alikuwa amekaa pembeni na chai yake.

MWONGOZAJI: Shikamoo mama. Nisamehe nikiingilia. Katekista ana kanisa nyuma yake. Wewe nyuma yako kuna nini? Kuchukua pesa za watu ukawapeleka hifadhini ni biashara ya utalii, na Sheria ya Utalii ya 2008 inataka leseni. Coaster nayo ikitoka kwenye njia yake iliyopangiwa inahitaji kibali cha LATRA. Trafiki wa kwanza tu atawashusha.

MAMA KIJUMBE: Marahaba. Mwanangu, hatuuzi. Tunachangiana, kama harusi.

MWONGOZAJI: Harusi haina simba, mama.

Dereva alicheka, kisha akakiri kwamba kibali cha kukodi hupatikana, tena bila taabu, ukikiomba mapema. Wanaosumbuliwa ni wale wanaokikumbuka barabarani. Na hapo Mwongozaji akaleta hadithi ambayo wenzake wa darasa la utalii wote wameisoma, nami nitaisimulia kwa maneno yangu kwa sababu inatuhusu kuliko inavyoonekana.

Tarehe 5 Julai 1841, fundi seremala na mhubiri mmoja wa Kiingereza, Thomas Cook, alikodi treni kutoka mji wa Leicester hadi Loughborough. Abiria walikuwa kama 500, watu wa kawaida, kila mmoja akalipa shilingi moja. Naam, shilingi, ya kwao. Walikuwa wanakwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Cook alisafiri nao, akahakikisha wamekula, akawarudisha. Biashara yote ya dunia ya safari za makundi inapenda kujitafutia ukoo hapo. Dereva alipoambiwa kwamba aliyeianzisha alikuwa anawapeleka watu wasinywe pombe, alishika kichwa: safari zake yeye za kukodi, kreti ndiyo hupakiwa kwanza.

MWONGOZAJI: Kampuni ya huyo Cook ilidumu miaka 178. Tarehe 23 Septemba 2019 ikafilisika. Asubuhi hiyo Waingereza kama 150,000 walikuwa nje ya nchi yao, tiketi za kurudi zimekuwa karatasi. Serikali yao ikakodi ndege, ikawarudisha nyumbani, kwa sababu sheria ilikuwepo na mfuko ulikuwepo wa siku kama hiyo. Sasa mama, wewe ukifilisika mkiwa Lamadi, nani atawarudisha watu Katoro?

MAMA KIJUMBE: Mimi.

MWONGOZAJI: Kwa pesa gani?

MAMA KIJUMBE: Nitampigia simu mume wangu auze ng'ombe. Sitakuwa na njia nyingine, mwanangu, kwa sababu Jumatatu nafungua duka hili hili, na hao 28 wote wanapita hapa. Watoto wao wanasoma na wangu. Hiyo kampuni ilipoanguka, wale watu walimjua mwenyewe? Walijua anakaa nyumba gani?

MWALIMU: Mama, uso nao unadanganya. Tusijifanye hatujui. Vijumbe wangapi wamehama usiku na pesa za watu? Walikuwa na nyuso. Walikuwa na watoto shuleni.

Sikutarajia Mama Kijumbe angejibu haraka, na hakujibu. Hili ndilo swali gumu la jioni ile, na kila anayeandika habari za kuaminiana katika miji midogo hulipita kwa kunyata. Nami nina deni hapa, kwa hiyo ngoja nilipe.

Miaka kadhaa iliyopita nilijiunga na safari ya Serengeti iliyopangwa na mtu ambaye hakuwa wa mji wetu. Alikuja na bango zuri, simba na machweo. Tulilipa kwa simu. Tulitoka saa kumi usiku, tukafika Ndabaka jua limekwisha panda. Langoni hawapokei fedha taslimu. Unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo. Mpangaji wetu alikuwa na noti kwenye mkoba, tena pungufu, maana robo ya watu hawakuwa wamemalizia michango yao na yeye alidhani ataongea na askari wakaelewana. Hakuna aliyeelewana naye. Tukarudi Lamadi, tukala wali na sato, tukatazama kwa mbali pundamilia wanne ambao hawakutaka kutujua. Nilikasirika, lakini kilichoniuma zaidi kilikuja Jumatatu. Simu yake ilikuwa haipatikani. Hatukuwa na mlango wa kugonga. Mtu hakuwa mwizi, naamini hivyo mpaka leo. Alikuwa na aibu, na aibu yake ilikuwa na mahali pa kujificha.

Niliwasimulia. Mwongozaji akasema, umeona, hiyo ndiyo kazi ya mtu asiye na leseni. Mama Kijumbe akasema, umeona, hiyo ndiyo kazi ya mtu asiye wa hapa. Kisa kimoja, na kila mmoja amepata ushahidi wake.

MWALIMU: Mimi nitawarudisha nyuma zaidi ya huyo Cook. Mwaka ule wa 1841 babu zetu walikuwa wamekwisha zoea njia ya pwani. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wanabeba pembe kwenda Bagamoyo, mamia kwa mamia, miezi njiani. Mbele ya msafara alitangulia mtu mmoja na bendera, aliyeitwa kirangozi. Anajua visima, anajua hongo inalipwa kwa mtemi gani, anajua msitu gani haulali watu. Hata Speke alipotoka Tabora kulitafuta ziwa mwaka 1858, alipita huku Msalala akiongozwa. Akafika ziwani tarehe 3 Agosti, vitabu vikaandika yeye ndiye aliyegundua. Aliyempeleka hakupewa sifa hiyo.

KIJANA WA KARASHA: Mwalimu, sasa uko upande gani? Si ulisema unapinga kubebwa?

MWALIMU: Napinga kubebwa. Kirangozi habebi mtu. Na kirangozi alikuwa mpagazi kama wenzake, analala chini kama wao. Mama akilala kwenye hoteli na wengine wakalala kwenye basi, huyo si kirangozi.

MAMA KIJUMBE: Nitalala walipolala.

DEREVA: Na mimi?

MAMA KIJUMBE: Wewe dereva utalala kitandani, baba. Wewe ndiye unayeshika roho zetu.

Kutoka hapo mazungumzo yaliteremka kwenye mambo ya safari yenyewe, nami huwa nayafurahia zaidi, kwa sababu hapo ndipo unapojua nani anaijua njia. Dereva alichora kwa kidole kwenye vumbi: Katoro, Geita, Sengerema, Busisi, daraja, Kigongo, Usagara, Kisesa, Magu, Lamadi. Zamani, alisema, safari hii ilikuwa inavunjikia Busisi. Unafika, kivuko kimejaa, unasubiri. Mahesabu yote ya kufika langoni mapema yanaishia kwenye foleni. Daraja la Kigongo–Busisi, linalobeba jina la Magufuli, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na sasa unavuka kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa. Wengi wanamwomba asimame juu yake wapige picha. Hasimami. Anapunguza mwendo tu, na kwake hiyo ndiyo huduma.

Juni waliichagua kwa sababu nne ambazo hazikupangwa na wizara yoyote. Msimu wa pamba unafunguliwa Mei, kwa hiyo Juni mkulima wa Shinyanga na Simiyu ana pesa mkononi, na mkulima akiwa na pesa hata muuza vitenge wa Katoro anazo. Juni ndiyo nyumbu huwa upande wa magharibi wa Serengeti, karibu na mto Grumeti wenye mamba, yaani upande wetu, kabla hawajapanda kaskazini. Na Juni ndiyo ngoma za Bulabo pale Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada, ambapo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana mpaka vumbi linageuka ukungu. Bujora iko njiani kabisa. Halafu Juni ni kiangazi. Upande ule wa Serengeti udongo ni mweusi, wa kunata. Mvua za Machi Coaster ikizama humo, ng'ombe ndio watakaoitoa. Msukuma udongo huo anauita mbuga. Ni ule ule wa majaluba ya mpunga. Sisi wa Kiswahili tukisema mbuga tunaona twiga. Mkulima wa Kishapu anaona tope linaloshika jembe.

KIJANA WA KARASHA: Lakini kwa nini Serengeti? Rubondo si hapa tu? Kuna sokwe, kuna tembo, kuna twiga. Tena hakuna simba, Mwongozaji asitutishe.

MWONGOZAJI: Ni kweli, na sokwe wale wenyewe walikuja kwa kundi. Kati ya 1966 na 1969 Profesa Grzimek wa Frankfurt aliwaleta 17 kutoka Ulaya, walikokuwa kwenye mabustani ya wanyama. Akawashusha kisiwani.

KIJANA WA KARASHA: Aliwahesabu wakishuka?

Walicheka wote. Kisha Bibi, ambaye muda wote alikuwa mlangoni anachambua michembe ndani ya ungo, alisema neno moja.

BIBI: Maji.

Hakuna aliyecheka tena. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 200. Kanda hii watu wengi wana jina la mtu wanalolitaja ziwa likitajwa. Mtaalamu wa masoko anaweza kuandika vijitabu kumi kuhusu ndege na samaki wa Rubondo, asijue kwamba mteja wake amekwama kwenye neno hilo moja.

MAMA KIJUMBE: Ndiyo maana mwaka huu nchi kavu, bibi. Mwaka kesho, Mungu akipenda, nitakwenda Nkome mwenyewe kwanza. Nitaiona boti, nitahesabu maboya, nitapanda, nitarudi. Halafu nitakuja kukuambia.

MWONGOZAJI: Hapo mama umenishinda. Sisi kwenye kampuni tunatuma picha ya boti.

Alilisema kwa dhati, na kuanzia hapo naye alianza kusema ya moyoni. Alisema kundi linalomtoa jasho ni la watu wa nyumbani. Mzungu anauliza chui yuko wapi. Mtu wa Katoro anamtazama nyumbu na kuuliza analiwa, nyama yake ikoje, mnadani angefika bei gani. Anaona kundi la maelfu na swali lake la kwanza ni: hawa wana mwenyewe? Wakubwa zake wanayacheka maswali hayo. Yeye alikuwa anayacheka pia, mpaka siku mzee mmoja mfugaji aliposhuka kwenye gari, akayatazama majani, akamweleza ni yapi ng'ombe anayapenda na yapi hayagusi, na nyumbu mbele yao walikuwa wanafanya vile vile.

DEREVA: Lakini tuseme ukweli wote. Kwa mfugaji wa huku, hifadhi ni mahali ng'ombe wanapokamatiwa. Anaijua kwa faini. Leo unamwambia aingie getini alipe apige picha. Mimi nimempakia mzee wa hivyo. Tulipofika langoni na askari akatusogelea, aliinamisha kichwa. Sare ile anaijua.

MWALIMU: Ndiyo hivyo na sisi wa Maganzo. Mimi nimezaliwa nauona uzio wa mgodi wa Mwadui. Mtu aitwaye Williamson aliipata almasi pale 1940. Mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa. Jiwe lilisafirishwa mpaka London likakatwa, likapambwa, likavaliwa na malkia. Mimi nimefundisha watoto wa pale maisha yangu yote, na shimo lenyewe lilipotoka sijalitazama kutoka ukingoni. Mama, safari ya tatu iwe huko.

MAMA KIJUMBE: Mwalimu, sasa unaniongezea safari na ya kwanza umeipinga.

MWALIMU: Nimeacha kuipinga. Nimebaki na pesa tu. Pesa za watu zitakaa wapi mpaka Juni?

Swali lilikuwa limerudi pale pale, na safari hii lilitulia mezani. Mwongozaji alitaka zipitie kampuni yenye leseni. Mama Kijumbe akasema kampuni itaweka faida yake na Coaster itageuka Land Cruiser kwa bei. Kijana akapendekeza zikae kwenye simu ya mtu mmoja mwaminifu, akaulizwa ni nani huyo, akakosa jibu. Bibi aliweka ungo chini.

BIBI: Sanduku la kikoba lina kufuli ngapi?

MAMA KIJUMBE: Tatu, bibi.

BIBI: Na funguo anashika nani?

MAMA KIJUMBE: Watu watatu. Mimi simo.

BIBI: Sasa za safari zinawashindaje?

Akarudi kwenye michembe yake. Wasomaji wenye vikoba wanaujua utaratibu huo: sanduku linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, na anayeandika daftari hana ufunguo. Sijui kwa nini kizazi kizima cha wapangaji wa safari kimekwenda kutafuta mfumo kwingine wakati huu uko chini ya kitanda cha katibu.

Mimi niliyewakalisha kwenye benchi hili natoa uamuzi wangu, na asiyeukubali aandike wa kwake. Safari iende, na Mama Kijumbe aiongoze. Mwongozaji anaijua sheria kuliko yeye na anawajua wanyama kuliko yeye, lakini watu wa Katoro hawatatoka nyumbani kwa ajili ya sheria wala kwa ajili ya wanyama. Watatoka kwa sababu kuna mtu anayewahesabu na ambaye Jumatatu wanaweza kumgongea mlango. Leseni haiwezi kutoa hilo. Ila uso wa mtu nao hauwezi kulipia lango, kwa hiyo Mwongozaji aajiriwe, apandie Mwanza, alipe hifadhini kwa namba ya malipo kabla gari halijatoka Katoro, na awe tayari kujibu kama nyumbu analiwa. Kibali cha LATRA kiombwe Mei. Orodha ya majina ibandikwe ukutani dukani, mbele ya kila jina kiasi kilicholipwa. Pesa zikae sandukani kwenye kufuli tatu, na asiyemaliza kulipa wiki mbili kabla ya safari arudishiwe zake bila maneno.

Mwalimu apangiwe nusu saa ya kuzungumza Bujora, isizidi. Kreti ibaki Katoro. Kijana wa Karasha akija na pesa aandikwe wa mwisho, kiti cha nyuma juu ya tairi.

Kiti cha mbele, kando ya dereva, ni cha Bibi. Nilipolitazama daftari jioni ile, jina lake ndilo lililokuwa limelipiwa lote.